Mkono wa Mfukoni

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, na jina hilo alilipata kwa haki. Pasi zilizoungua, feni zilizogoma, blenda zilizotafuna kijiko, birika lililowashwa bila maji, vyote viliishia kwenye meza yake, na vyote viliondoka vinafanya kazi. Mdomo nao alikuwa nao. Mtu akimletea pasi iliyoanguka chini mara tatu, yeye humuuliza kama ananyooshea nguo au anampigia mume. Wateja walidhani hakuna kinachomtisha duniani.

Kumbe alikuwa na woga wake mmoja, ameutunza miaka ishirini na miwili. Hakugusa kitu chenye valvu, zile taa ndogo za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani, zinazochukua muda kuwaka na muda kuzima. Ukimpelekea redio ya namna hiyo, atakwambia vipuri havipatikani. Ukimwambia vipuri unavyo, atakwambia mkono unamuuma. Ukizidi kung'ang'ania, atakufungia duka mchana kweupe.

Alhamisi moja baada ya chakula cha mchana, Njiti alifika mlangoni akisukuma toroli. Njiti alikuwa binti wa marehemu kaka yake, msichana mwembamba kama jina lake, na kwenye toroli alikuwa amebeba kasha la mbao lililopakwa rangi ya kijivu.

"Shikamoo shangazi. Usiseme hapana kabla hujaona."

"Marahaba. Hapana."

"Shangazi!"

"Haya, nini hicho? Jeneza la paka?"

Njiti alicheka, akaligeuza kasha. Mbele lilizibwa kwa kitambaa cha gunia. Nyuma lilikuwa na ubao wenye matundu, na ndani ya matundu, kwenye giza na utando wa buibui, vioo vitano vilimeta. Mama Pasi aliviona, akarudi nyuma hatua moja.

"Ni amplifaya ya gitaa," Njiti alisema. "Nimeikuta kwa bibi, nyuma ya kabati la nguo, tulipokuwa tunamhamisha. Mama alipoiona aligeuka tu akaendelea kufunga mizigo. Itakuwa moja ya vitu vya babu. Haina jina popote. Nataka kujua ni ya aina gani, na nataka ifanye kazi. Jumamosi tunapiga, na ile tuliyozoea kuazima imekufa."

"Peleka kwa mafundi."

"Nimepeleka kwa wawili. Wa kwanza kaniambia niifanye banda la kuku. Wa pili kasema aliyebaki anayejua valvu hapa mjini ni binti wa babu mwenyewe. Ndiyo wewe, shangazi."

Mama Pasi alitaka kusema mkono unamuuma. Badala yake akauliza, "Hukuiwasha, lakini?"

"Asubuhi hii. Dakika moja tu. Vitaa viliwaka, ikanguruma kama lori, nikachomoa."

"Uligusa chuma chake?"

"Sikumbuki."

"Uligusa au hukugusa?" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, hata fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akainua kichwa.

"Sikugusa, shangazi. Mbona hivyo?"

Mama Pasi aliitazama ile plagi ya miguu miwili mwishoni mwa waya uliopasukapasuka. Akamtazama na msichana. Kichwa kigumu alirithi kwa baba yake, hilo halikuwa na ubishi. Akimfukuza, ataenda kuichomeka mahali pengine, atavaa gitaa, atasimama mbele ya maiki. Woga wa kuifungua amplifaya ukakutana na woga wa kuiacha iende, na huu wa pili ukawa mkubwa.

"Iweke mezani," alisema. "Halafu kaa kwenye kile kigoda. Usiguse kitu hata nikikuomba."

Alivaa koti la kazi la buluu, la baba yake, lililomfika magotini. Akatia mkono wa kushoto mfukoni na kuuacha humo.

Hii ilikuwa sheria ya baba. Marehemu alikuwa fundi redio enzi za valvu, na aliyejifunza kwake alijifunza kwanza kutia mkono mfukoni. Umeme ukiingia kwa mkono huu ukatokea kwa mkono ule, alifundisha, njia yake inapita moyoni. Mkono mmoja ukiwa mfukoni, njia haipo. Mama Pasi alishaacha valvu lakini sheria hakuiacha. Hata pasi ya nguo aliifungua hivyohivyo, na watu walidhani ni maringo.

Skrubu nne zilitoka. Alilivuta nje lile sanduku la bati lililobeba valvu na transfoma, ambalo mafundi huliita chasi, akalilaza kichwa chini ili tumbo lionekane. Halafu akachukua mita ya kupimia umeme na kugusisha ncha zake kwa mkono mmoja, polepole, kwenye kapasita mbili kubwa. Kapasita hukusanya umeme na kukaa nao kama debe linavyokaa na maji, hata plagi ikiwa imechomolewa.

Mita ilisema volti mia moja na arobaini.

"Lakini haijachomekwa," Njiti alinong'ona.

"Hiyo ni ya asubuhi. Imekusubiri."

Aliunganisha rezista, kipuri cha kuumwaga umeme huo taratibu, akatazama namba zikishuka: mia, sitini, ishirini na tano, nne, sifuri. Alipima tena. Akapima mara ya tatu, na Njiti hakuthubutu kumtania.

Baada ya hapo kazi ya kuitambua ilianza, na kwa muda mfupi woga ulimpisha fundi. Valvu mbili kubwa na tatu ndogo. Basi ni ya gitaa na si ya redio, na si ya watoto. Namba zilizogongwa kwenye transfoma zilimpa mwaka na wiki. Mpangilio wa swichi ulimpa kiwanda. "Ni mzee huyu," alimwambia Njiti. "Ananizidi umri. Lakini hili kasha si lake. Tazama matundu haya ya skrubu, hayalingani na mbao. Mtu alimtoa kwenye kasha lake la kiwandani akamvalisha hili."

"Kwa nini mtu afanye hivyo?"

Mama Pasi alikuwa ameigeuza chasi upande, na ubavuni, kwenye bati tupu, aliona mistari iliyokwaruzwa kwa msumari. Mistari minne ya kusimama na mmoja wa kuikata. Mafungu manane kamili. La mwisho, la tisa, lilikuwa na mistari mitatu tu.

Hakuhitaji kuhesabu. Kaka alikuwa akikwaruza mstari mmoja kwa kila onyesho, akiahidi kwamba akifika hamsini ataacha kazi ya stoo na kuishi kwa gitaa.

"Njiti," alisema, akishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Nenda kanunue waya wa nyuzi tatu, mita tatu, na plagi ya miguu mitatu. Usinunue ile ya bei rahisi. Nenda duka la mbali."

Msichana alipotoka, Mama Pasi alisimama palepale, mkono mmoja mfukoni.

Ilikuwa hivi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, msaidizi wa baba. Baba alikuwa amesafiri siku mbili. Ijumaa kaka alileta amplifaya yake, inanguruma kiasi kwamba watu wanamcheka. Dawa ya mngurumo ni kutafuta chanzo chake, na hilo linataka muda. Ila kulikuwa na njia ya mkato ambayo mafundi wengine waliitumia na baba aliikataza: unatia kapasita ndogo kati ya waya wa umeme na bati la chasi, mngurumo unakufa hapohapo. Kopo la kapasita mpya lilikuwa tupu. Kwenye kopo la maziwa zilikuwamo zile zilizong'olewa kwenye redio mbovu, zinazosubiri kupimwa. Kaka alikuwa mlangoni anapiga kelele kwamba gari linaondoka. Dada yake akachukua moja, akaitia. Nitaipima Jumatatu, alijiambia.

Jumamosi kaka alishika nyuzi kwa mkono mmoja, akanyoosha wa pili kuivuta maiki karibu na mdomo. Alikakamaa, akatetemeka, akaanguka nayo. Watu walidhani ni madoido ya jukwaani, wakapiga makofi. Dada yake alikuwa mstari wa mbele, na yeye pia alipiga makofi. Njiti alikuwa na miezi minne.

Siku ya tatu baada ya mazishi, baba alijifungia na ile amplifaya tangu adhuhuri mpaka jua lilipokaribia kuzama. Alipotoka alisema maneno matatu, "Umeme wa ukumbi," na kwamba amplifaya ameivunja na kuitupa. Tangu hapo hakushika tena bisibisi. Hakumuuliza binti yake lolote, na binti hakumuuliza. Ukumbi ulibomolewa, baba naye akafariki, na yale maneno matatu yakawa ndiyo blanketi la binti. Siku nyingine yalimtosha. Siku nyingine miguu ilibaki nje.

Sasa amplifaya ilikuwa mezani, tumbo wazi. Kama kapasita yake ingekuwa bado imo, nzima, basi kweli ulikuwa umeme wa ukumbi na yeye ni mtu kama watu wengine. Kama ilipasuka ndani, umeme wa ukutani ulipita moja kwa moja kwenye bati, kwenye waya wa gitaa, kwenye nyuzi, kwenye kaka. Alichotakiwa kufanya ni kusogeza taa na kutazama pale waya wa umeme unapoingilia.

Alichukua muda mrefu kuisogeza taa.

Kapasita haikuwapo. Zilibaki ncha mbili za waya, zimekatwa kwa koleo. Kila ncha ilikuwa imezungushwa mara mbili kabla ya kulehemiwa, ikaachiwa kimkia, na hivyo ndivyo yeye alivyozungusha tangu siku ya kwanza hadi leo. Mkono wake ulikuwa pale. Mkono uliokata ulikuwa wa baba, kwani yeye ndiye aliyekata mshazari namna ile.

Alijaribu kujifariji. Labda baba aliikata kwa kuwa hakuipenda tu njia yenyewe. Labda ilikuwa nzima. Akalivuta kasha tupu kulisafisha, kwa sababu mikono ilitaka kazi, na chini, nyuma ya spika, vidole vikagusa kifundo kilichopigiliwa msumari. Kipande cha kitambaa cha buluu, cha koti hilihili alilovaa. Miaka yote hiyo alikuwa akijiuliza kwa nini pindo la koti lina pengo.

Baba hakuwahi kutupa hata skrubu. Ndani ya kitambaa ilikuwamo kapasita ya kahawia, tumbo limepasuka, na nta imevuja ikagandia pembeni.

Aliiweka mezani. Alijua. Bado akagusisha ncha za mita, moja huku na moja kule, kwa sababu fundi hasemi kitu ni kibovu kabla hajapima, na alikuwa amechelewa kupima kwa miaka ishirini na miwili.

Mita ililia, mlio mmoja mwembamba usiokatika. Njia ilikuwa wazi.

"Nini hicho kinalia, shangazi?" Njiti alikuwa mlangoni, waya mabegani.

"Mita," alisema Mama Pasi, na mkono uliokuwa mezani ukaifumba kapasita na kuipenyeza kwenye mfuko wa kushoto.

Siku mbili alifanya kazi hajala chakula cha maana. Alikata waya wa zamani, akafunga wa nyuzi tatu, ule wa tatu, wa ethi, akaukaza kwenye bati kwa boli na nati mpaka nati ikalia. Akatia fyuzi. Akasugua miguu ya valvu moja moja. Halafu akabadili zile kapasita mbili kubwa, kwani zilikuwa zimekauka, na humo ndimo mngurumo ulimokuwa tangu mwanzo. Ilikuwa kazi ya saa moja. Ingekuwa kazi ya saa moja siku ile ya Ijumaa vilevile, na alipolifikiri hilo ilibidi akae chini.

Kila alipotia mkono mfukoni, kapasita ilikuwamo. Mara tatu alifika mpaka kwenye mtaro wa nyuma ili aitupe, na mara tatu akarudi nayo. Njiti asingeambiwa na mtu. Baba alishaufunga mlango huo kwa ajili ya binti yake, akakaa nje yake peke yake mpaka akafa. Njiti alikuwa anampenda shangazi yake. Kila sikukuu alikuja kwanza hapa, ndipo aende kwingine. Je, akijua, angekuja tena? Swali hilo lilimtisha kuliko volti zozote.

Jumamosi asubuhi Njiti alikuja na gitaa mgongoni na maiki mkononi. Amplifaya ilikuwa imewashwa. Valvu ziliwaka rangi ya chungwa, na chumba kilikuwa kimya, hata mngurumo wa nzi haukutoka kwenye spika.

"Shangazi! Umemfufua mzee!"

"Usiisogelee."

Alichomeka gitaa kwenye amplifaya, na maiki kwenye kikuza sauti cha mteja, akapima mbele yake: kutoka kwenye nyuzi mpaka kwenye maiki, sifuri. Akageuza ncha, sifuri. Akazima, akawasha, akapima tena, sifuri. Mkono wa kushoto haukutoka mfukoni.

"Mita inasema ni salama," Njiti alisema, "ila wewe uso wako unasema kingine. Halafu tangu Alhamisi huo mkono umeufungia humo. Una nini?"

Hapo Mama Pasi angeweza kusema mkono unamuuma. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamezoea njia. Akapiga moyo konde, akautoa mkono, akaufungua.

"Hii ilikuwa ndani yake," alisema. "Hii amplifaya ni ya baba yako. Niliitia mimi, siku moja kabla. Sikuipima. Ilipasuka. Umeme wa ukumbi haukuwa na kosa lolote. Ni mimi, mwanangu. Ni mimi niliyemuua baba yako."

Barabarani mtu alikuwa akipiga honi. Njiti aliitazama ile kapasita bila kuigusa. Uso ulimpauka, akatafuta kigoda kwa mkono, akakaa.

"Babu alijua?"

"Alijua."

"Mama?"

"Sijui. Sijawahi kuthubutu kumtazama wifi yangu muda wa kutosha nikajua."

Msichana alilia, kwa hasira kwanza, kisha kwa namna nyingine. Mama Pasi alitaka kumshika, akaogopa, akabaki amesimama na mkono wazi kama mtu anayerudishiwa chenji. Alisubiri aambiwe atoke kwenye duka lake mwenyewe, na angetoka.

"Ndani yake sasa hivi," Njiti aliuliza alipoweza, "kuna nyingine kama hiyo?"

"Hakuna. Kuna waya wa ethi. Kukitokea hitilafu, umeme unakwenda ardhini na fyuzi inakatika."

"Una uhakika?"

"Mita—"

"Sikuulizi mita."

Mama Pasi aliitazama ile nati aliyoikaza. Kazi ilikuwa nzuri, alijua. Ila na siku ile alidhani hivyo.

Njiti aliinuka. Akavaa gitaa, akaukaza waya wake. Akaiweka maiki kwenye meza, mbele ya shangazi yake.

"Ishike."

Mama Pasi aliishika kwa mkono wa kulia. Chuma chake kilikuwa baridi.

"Huo mwingine nipe mimi."

Alielewa. Msichana atashika nyuzi, yeye ameshika maiki, na mikono yao miwili iliyobaki ikikutana, njia itakuwa imefunguka kutoka moyo mmoja hadi mwingine. Mkono wake wa kushoto ulishaanza kurudi mfukoni wenyewe, kwa mazoea ya maisha mazima.

"Njiti, acha. Nitafanya peke yangu."

"Baba alikuwa peke yake," Njiti alisema. "Nipe mkono, shangazi."

Aliiweka ile kapasita mezani. Njiti alikamata nyuzi zote sita kwa mkono mmoja, akanyoosha wa pili, na Mama Pasi, macho ameyafumba, akautafuta na kuukamata. Ulikuwa na jasho. Ncha za vidole zilikuwa na sugu za nyuzi, mahali palepale zilipokuwa za kaka.

Moyo ulimpiga mpaka akausikia masikioni. Alianza kuhesabu, kama alivyofundishwa kuhesabu kabla ya kukiamini kitu. Akafika kumi, akafika ishirini, na hakuna kilichopita kati yao ila joto la mkono. Alipofumbua macho Njiti alikuwa anamtazama, bado analia, na bado hajamwachia.